Muhtasari wa Kikao Ambacho Hakijakaa

Kama gazeti la wiki jana ulifungia sabuni, usihangaike kulifungua. Nakukumbusha mwenyewe.

Mimi ni mwandishi wa mihtasari. Shirika letu ni la hisani, linatafiti jinsi watoto wanavyojifunza kusoma. Juu yetu kuna wadhamini watano, watu wazima na heshima zao, wanaokaa kikao kila baada ya miezi mitatu na kuamua kila kitu. Wao wanasema, mimi naandika.

Ndivyo watu wanavyoamini. Ukweli ni kwamba kwa miaka minne mimi nilikuwa naandika kwanza, halafu wao ndiyo wanasema.

Usinicheke. Wadhamini wetu walikuwa hawabadiliki. Mama Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, anasoma ajenda, anavua miwani, anauliza, "Kuna mwenye neno?" Kimya. "Basi, imepita." Mwaka nenda mwaka rudi, hivyo hivyo. Mtu una diploma yako ya uhazili, unasubiri nini? Nikawa nachapa muhtasari siku moja kabla. Kikao kikiisha natoa karatasi, wanatia sahihi bila kusoma, tunakunywa chai. Wakanisifu kwa wepesi.

Mpaka siku ile ya gego.

Gego liliniuma katikati ya kikao nikaona nyota mchana. Mdhamini mmoja ni daktari wa meno. Sisi wafanyakazi tunamwita Koleo, akiwa mbali. Akanivuta koridoni, akanisimamisha penye mwanga wa dirisha. "Fungua mdomo." Nikafungua. Robo saa nzima nimeachama kama kiboko.

Na katika robo saa hiyo hiyo, ndani, shemeji yangu alisimama.

Shemeji ni mdogo wa mke wangu, na ndiye mtafiti mkuu wa shirika. Akawaambia wadhamini kwamba kadi zetu za kusomea hazifundishi kusoma. Watoto wamekariri. Ukimpa mtoto kadi kichwa chini, anateremka nayo vilevile, kidole kinatembea chini ya maneno, hakosei hata moja. Wadhamini wakashtuka. Wakamwambia, rudi shuleni ukapime upya, na taarifa ya kuzisifu kadi isitoke.

Mimi nikarudi ndani na shavu langu, sikuuliza kitu. Nikatoa muhtasari wangu wa jana yake: "Taarifa imepitishwa bila mabadiliko." Wote watano wakatia sahihi. Hata Koleo, chini ya sentensi iliyosema yeye ndiye aliyependekeza ipite. Ofisi hufuata muhtasari. Taarifa ikachapwa, kadi zikaenda shule mia mbili.

Tuliachana wiki jana shemeji amerudi kutoka shuleni na boksi lake la majibu mapya, akaikuta taarifa ya zamani juu ya meza, na picha ya Mama Mwenyekiti ukurasa wa kwanza, anacheka.

Haya. Tuendelee kuumbuka.

Jumatatu ikaja barua kutoka kwa wakubwa wa elimu. Wakaguzi wao nao walikuwa wamegeuza kadi kichwa chini, na watoto wakasoma kama kasuku. Barua iliuliza jambo moja tu: nani alijua, na kwa nini alinyamaza?

Saa sita Mama Mwenyekiti akaniita.

Nilipanda ngazi nimekata shauri. Nitasema. Nitamwambia, Mama, kosa ni langu, mtafiti hana hatia. Nililirudia neno hilo kila ngazi, na ngazi ziko ishirini na mbili.

"Mama, nilikuwa na neno..."

"Kaa kwanza," akasema. "Muhtasari wako umetuokoa."

Nikakaa. Neno likakaa nami.

"Mtafiti anadai alituambia habari ya kukariri. Nimeupekua muhtasari mwanzo mwisho. Haimo hata nukta yake."

"Mama, kwani wewe mwenyewe hukumbuki?"

Akavua miwani, akaifuta polepole kwa ncha ya mtandio. "Mwandishi, nina miaka sitini na tisa. Mimi nakumbuka nini? Muhtasari ndio unaokumbuka."

Mkono wake ulikuwa unachezea kadi ya kusomea. Akaigeuza kichwa chini. Akairudisha. Akaigeuza tena.

Anakumbuka, nikasema moyoni. Anakumbuka kuliko mimi.

"Alhamisi tunakaa kikao cha dharura," akaendelea. "Ajenda moja. Mtafiti anaachishwa kazi kwa kuficha matokeo. Andaa muhtasari, kama kawaida yako."

"Kawaida yangu ipi, Mama?"

"Ah! Unadhani sijui? Nimefundisha miaka thelathini na minane. Mtoto anayemaliza mtihani kabla sijagawa karatasi, mimi namjua kwa kumtazama kisogo."

Nikanywea kama kuku aliyenyeshewa.

"Wewe ni mtu mzuri, Mwandishi. Unatuchekesha. Umebakiza miaka michache ustaafu kwa amani. Au kuna neno ulitaka kusema?"

"Hapana, Mama. Nilitaka tu kuuliza hali."

Nikashuka ngazi zile zile ishirini na mbili. Nikaenda mezani kwangu, nikachapa. Naam, vidole hivi hivi. "Wadhamini walijadili kwa kina. Kwa kauli moja mtafiti aliachishwa kazi." Nikaukunja, nikautia mkobani.

Sasa sikia mambo ya mkoba.

Jumatano jioni mke wangu yuko mezani anasahihisha madaftari. Yeye ni mwalimu wa darasa la pili. Madaftari sitini na nane, na kalamu nyekundu ikakata wino kwenye la arobaini.

"Baba Pacha, huna kalamu nyekundu?"

"Angalia mkobani," nikajibu, macho kwenye redio.

Maneno mawili tu. Nimeoa miaka ishirini na minne, sijawahi kusema maneno mawili ya kijinga kama yale.

Kimya kikawa kirefu kuliko kutafuta kalamu. Nilipogeuka, karatasi ilikuwa mkononi mwake.

"Baba Pacha, hiki kikao ni cha lini?"

"Kikao kipi?"

"Hiki kilichomfukuza mdogo wangu."

Nikazima redio. "Ni... cha kesho."

"Cha kesho asubuhi au cha kesho mchana?"

"Saa nne."

"Na hapa kimefungwa saa sita na robo." Akasogeza karatasi kwenye mwanga. "Wamejadili kwa kina. Hebu niambie, walijadili kwa kina saa ngapi, maana wengine sasa hivi wako makwao wanaoga. Aliyekohoa katikati hukumwandika?"

"Mama Pacha, usifanye mzaha."

"Mzaha nimeukuta humu mkobani!"

Akaiweka karatasi juu ya madaftari, akailainisha kwa kiganja, taratibu. Akikasirika huwa anapiga kelele. Akiumia huwa analainisha vitu.

"Nani aliigundua habari ya kadi wakati wa majaribio? Si mimi? Mtoto wa dawati la mbele kashika kadi kichwa chini, anasoma huku ananitazama usoni, nami nampigia makofi! Nilirudi nyumbani nikalia. Nikamwambia mdogo wangu, kawaambie wadhamini. Akasema, dada, naogopa, wale ni watu wakubwa. Unajua nilimjibu nini?"

Nikatazama sakafu.

"Nilimwambia, usiogope. Shemeji yako yumo humo ndani. Anaandika kila kitu."

Basi, hapo nikasema yote. Gego, koridoni, Koleo, mdomo wazi, muhtasari wa jana yake, miaka minne. Nilisema mpaka nikamaliza, halafu nikarudia kidogo, maana kimya chake kilikuwa kinanitisha.

"Wiki nzima ananipigia simu," akasema mwishoni. "Ananiambia, dada, sina wasiwasi, muhtasari wa shemeji utanitolea ushahidi. Nami namjibu, tulia, mdogo wangu, tulia."

Unajua, muhtasari wa wadhamini haumfikii mfanyakazi. Shemeji alikuwa hajauona. Alikuwa anaegemea ukuta ambao mimi sikuujenga.

"Kesho utasema," mke wangu akasema. "Kwa mdomo wako, mbele yao, naye awepo. Usiniletee mambo ya karatasi. Karatasi zako nimezijua leo."

"Nitasema."

"Apa."

"Haki ya Mungu."

Akachukua penseli, akaendelea kusahihisha. Chakula akaniwekea, kikiwa kimefunikwa vizuri. Lakini hakukaa nami mezani.

Asubuhi niliwahi ofisini kuliko mfagizi. Nilitaka kufanya mazoezi ya kusema. Nikasimama chumba cha kikao, mbele ya viti vitano vitupu, nikafungua mdomo.

Hakuna kitu. Hata viti vilinishinda.

Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Nikajikuta nimekaa kwenye mashine, nachapa muhtasari mwingine. Kipengele cha nne: mtafiti anabaki kazini. Kipengele cha tano: kosa langu lote, bila kificho. Nikajisemea, hawa watu hawasomi. Watatia sahihi kama kawaida, na ukishatiwa sahihi ni uamuzi wa wadhamini. Shemeji amepona, nimekiri, na mdomo wangu haujasumbuka.

Nikajiona mjanja. Mke wangu alitaka mdomo, nami nikampelekea karatasi.

Koleo nilikutana naye mlangoni.

"Mzee, shikamoo. Unakumbuka siku ile tuliyokuwa koridoni?"

"Marahaba. Nisikumbuke? Gego la chini kulia, limetoboka mpaka unaweza kupangisha. Uliling'oa?"

"Bado. Mzee, siku ile wewe hukuwa ndani wakati mtafiti anasema. Na mimi sikuwa ndani."

Akanitazama. Akatazama viatu vyake. "Lakini muhtasari unasema nilikuwa ndani, tena nikapendekeza. Sahihi yangu ipo. Sasa mimi ni nani nibishane na muhtasari?"

Akaingia. Nikamfuata.

Meza yetu ni ndefu. Upande mmoja Wakili na Mwenye Duka la Vitabu, upande wa pili Mhandisi Mstaafu na Koleo, kichwani Mama Mwenyekiti. Mimi nakaa pembeni nyuma ya mlango, karibu na birika. Shemeji aliwekwa mwisho wa meza peke yake, boksi lake la majibu miguuni. Alipoingia alinitupia tabasamu dogo, la kuniambia tuko pamoja.

Lile tabasamu, ndugu yangu. Afadhali angenipiga kofi.

Mama Mwenyekiti akasoma barua ya wakubwa. Akauliza, "Mtafiti, ulijua?"

"Nilijua, na nilisema. Nimesimama hapa hapa. Mkaniambia nikapime upya."

Wadhamini wakaanza kuitazama meza kana kwamba imeandikwa kitu.

"Kuna anayekumbuka?" akauliza Mama Mwenyekiti.

Mwenye Duka la Vitabu akakohoa. Mhandisi akasema siku hizi kichwa chake hakishiki. Wakili akajiweka sawa kitini.

"Kwenye mambo haya," akasema, "kisichoandikwa hakikusemwa."

"Basi someni kilichoandikwa!" Shemeji akanigeukia. "Shemeji, ulikuwepo. Wasomee."

Macho sita yakanigeukia... nini sita, kumi na mawili! Huo ndio mlango. Ulikuwa wazi, nilikuwa nimeapa. Nikafungua mdomo.

"Muhtasari," nikasema, "uko kwenye faili."

Ndiyo. Hicho tu ndicho kilichotoka.

Tabasamu la shemeji halikuondoka mara moja. Lilikaa kidogo usoni, kama mgeni ambaye hajaelewa kwamba ameambiwa aende. Halafu likaondoka.

"Kuna mwenye neno?" akauliza Mama Mwenyekiti.

Kimya.

"Basi, imepita. Mwandishi, lete karatasi."

Nikaleta ile ya asubuhi. Wakili akatia sahihi jicho likiwa kwenye simu. Mwenye Duka akatia. Mhandisi akatia huku ananiuliza kama chai ina maziwa. Karatasi ikamfikia Koleo.

Koleo akavaa miwani.

Nikasimama bila kutaka. Miaka minne sijawahi kuiona miwani ya Koleo ndani ya chumba kile. Akaanza kusoma, kidole chini ya mstari, midomo inacheza, kama mtoto wa darasa la mke wangu. Kidole kikafika kipengele cha nne. Kikafika cha tano. Kikasimama.

Akaniangalia juu ya miwani. Muda mrefu.

Halafu akatia sahihi, akamsukumia Mama Mwenyekiti.

Wanne! Imebaki moja. Mama akafungua kalamu, mkono ukashuka kwenye karatasi. Moyo wangu ulikuwa unapiga nikadhani ni birika linachemka.

Mkono ukasimama hewani.

"Daktari," akasema Mama Mwenyekiti, "miaka yote hii sijakuona ukisoma. Leo umesoma nini?"

"Nimesoma tu, Mama. Imechapwa vizuri."

Jamani! Yaani mtu mmoja kusoma karatasi ndiyo kumeharibu mpango mzima.

Mama akaifunga kalamu. "Mwandishi, simama utusomee. Anzia pale kidole cha Daktari kiliposimama."

Nikaipokea karatasi. Nikapita nyuma ya kiti cha Koleo, naye akaninong'oneza bila kugeuka, "Fungua mdomo. Ukiling'oa kwa mkupuo mmoja, haliumi sana."

Nikafungua.

"Kipengele cha tano," nikasoma. "Siku mtafiti alipowaambia wadhamini kwamba watoto wamekariri, mimi mwandishi sikuwa ndani. Nilikuwa koridoni na Daktari. Muhtasari niliugawa nikiwa nimeuchapa jana yake. Kilichosemwa siku hiyo sikukiandika kwa sababu sikukisikia, na sikuuliza. Mtafiti hana kosa. Kosa ni langu."

Hapo karatasi ikaisha. Mdomo, ulipokwisha kufunguka, ukakataa kufungwa. "Na mihtasari yote ya miaka minne," nikasema, "nimeiandika hivyo hivyo. Na huu wa leo pia."

Wakili akaruka. "Mimi sikukubali kitu kama hicho!"

"Umetia sahihi," akasema Koleo.

"Nimetia bila kusoma!"

"Sema tena, Wakili, taratibu, mwandishi aandike. Kisichoandikwa si hakikusemwa?"

Mhandisi akacheka, akajizuia. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama shemeji.

"Ulikuwa koridoni?" akaniuliza. Sauti ndogo, kama tuko jikoni kwangu. "Wiki nzima nalala usingizi, shemeji. Nalala kwa sababu yako."

"Nisamehe."

Akainama kwenye boksi lake.

Mama Mwenyekiti akaninyang'anya karatasi, akaikunja mara mbili, mara nne. "Bila sahihi ya mwenyekiti hii ni karatasi ya kufungia karanga. Tutaandika nyingine. Mwandishi hana kazi tangu sasa, mtafiti vilevile." Akavua miwani. Nadhani ni mazoea tu yaliyomtoa neno lile. "Kuna mwenye neno?"

Kimya. Kile kile cha miaka minne, nakijua kama ninavyojua harufu ya chumba.

"Mimi ninalo."

Shemeji alikuwa amesimama. Mkononi ana karatasi moja, imekunjika pembeni, ina alama ya kikombe.

"Sikutaka kuitoa. Nilidhani nina shahidi," akasema, na hakunitazama. "Kesho yake baada ya kikao kile nilihitaji ruhusa ya kuingia shuleni. Hii ndiyo barua niliyopewa. Inasema naenda kupima upya, kwa agizo la wadhamini, kwa sababu watoto wamekariri." Akailaza mezani, akaisukuma. Ikapita mbele ya Mwenye Duka, ikapita mbele ya Wakili, ikafika kichwani. "Mama Mwenyekiti, hiyo sahihi ni yako?"

Mama hakuhitaji miwani.

"Ni yangu."

"Naomba unijibu jambo moja tu, halafu nifukuze. Ulipoitia sahihi, ulikuwa umeisoma, au hukuisoma?"

Mama Mwenyekiti akaitazama barua, akamtazama Wakili, Wakili akaitazama dari. Akisema alisoma, alijua. Akisema hakusoma, basi kila karatasi yenye jina lake, na taarifa yenye picha yake inayocheka...

Midomo yake ikaachana.

Nikavuta daftari, nikashika kalamu. Kazi sina tena, lakini mkono haujaambiwa. Na kwa mara ya kwanza katika miaka minne, nilikuwa nimekaa mbele ya karatasi nyeupe, sijui nitakachoandika, nasubiri mtu aseme.